Taa Tisa za Degas

Mchoraji Pierre-Auguste Renoir ameketi kwenye kochi. Kando yake amesimama mshairi Stéphane Mallarmé, ameegemea ukuta, macho ameyashusha kumwelekea rafiki yake. Nyuma yao kuna kioo kikubwa cha ukutani, na kioo hicho ndicho kinachomzuia mtazamaji asiondoke. Ndani yake imo kamera juu ya miguu yake mitatu, na nyuma ya kamera yuko mtu ambaye kichwa chake kimemezwa na mwanga wa taa. Huyo ndiye mpigapicha. Ndani ya kioo hichohicho, hafifu kama vivuli, wanaonekana pia mke wa Mallarmé na binti yao Geneviève, wametulia wakingoja kazi ya mzee iishe.

Mzee mwenyewe ni Edgar Degas. Picha hii aliipiga mjini Paris mwezi Desemba 1895, ghorofa ya nne, nyumba namba 40 ya mtaa wa Villejust. Alikuwa amefika kwa Julie Manet, msichana wa miaka 17 aliyefiwa na mama yake, mchoraji Berthe Morisot, mwezi Machi wa mwaka huohuo. Mallarmé alikuwa mlezi wa msichana huyo. Renoir na Degas walimwangalia kama mtoto wa ndugu yao. Habari za picha tunazipata kwa mshairi mwingine, Paul Valéry, ambaye Degas alimpa nakala. Valéry aliandika kwamba ziliwashwa taa tisa za mafuta, na wale wawili wakaamriwa wakae bila kutikisika kwa robo saa nzima. Aliandika pia kwamba hajapata kuona picha nyingine iliyompata Mallarmé vizuri kama hii.

Mtu aliyewahi kukaa jioni na taa ya chemli anajua jinsi mwanga wake unavyogawa chumba. Uso ulio karibu unang'aa, mkono ulio nyuma yake unapotea, na kona za nyumba ni kama hazipo. Taa moja mezani huonyesha mtu mmoja. Degas alitaka watu wawili, tena wenye vimo tofauti, mmoja amekaa na mwingine amesimama. Alitaka kioo kiwarudishe watu waliokaa upande wake. Na juu ya hayo alitaka giza libaki giza. Kwa hiyo taa tisa hazikuwa mbwembwe za mtu mwenye mafuta ya kuchezea. Kila moja ilikuwa na mahali pake, na kila alipoisogeza moja alilazimika kuzifikiria upya zile nane. Mabamba ya kioo ya wakati ule yalihisi upesi mwanga wa buluu wa mchana, lakini yalikuwa mazito mno mbele ya mwanga wa manjano wa mafuta. Kila mpigapicha wa Paris alilijua hilo, na kwa sababu hiyo wengi walijenga studio zao juu ya paa, chini ya madirisha makubwa. Aliyelazimika kupiga picha usiku alikuwa na unga wa magnesi, ambao ulikuwa umeshaingia sokoni miaka minane kabla. Unalipuka mara moja, picha imepatikana, watu wanaendelea na mazungumzo yao. Degas aliviacha vyote viwili. Alimwambia mtu mmoja wakati huo kwamba mchana ni rahisi mno, na kwamba anachokitafuta yeye ni kile kigumu, hali ya hewa ya taa na ya mbalamwezi.

Naiheshimu sana kauli hiyo kwa sababu aliyeitoa hakuwa kijana anayetafuta jina. Mwaka 1895 alikuwa na miaka 61. Alikwishachora wacheza baleti, farasi wa mashindano, wanawake wanaopiga pasi na wanawake wanaooga, picha ambazo zingetosha kumweka katika kumbukumbu za uchoraji wa Ulaya hata kama asingegusa brashi tena. Macho yake yalikuwa yakidhoofika tangu vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870, na mwanga mkali ulimwumiza. Mtu wa namna hiyo akiamua kujifunza kifaa kipya, ungetarajia achague njia nyepesi.

Kuna jambo moja husemwa mara nyingi juu ya Degas na kamera, nalo lina ukweli nusu. Husemwa kwamba michoro yake inafanana na picha zilizopigwa kwa ghafla: mtu amekatwa na ukingo wa turubai, katikati pako wazi, farasi anaonekana kichwa tu. Mfano unaotolewa zaidi ni mchoro wake wa uwanja wa Place de la Concorde, wa mwaka 1875, ambamo bwana mmoja anapita na mabinti zake wawili na mbwa, kila mmoja akitazama upande wake, na ukingo wa kushoto umemkata mpita njia katikati. Watu huona hapo athari ya kamera. Lakini kamera ya Kodak, ile ndogo ya mkononi iliyowezesha mtu yeyote kupiga picha mtaani, ilitoka mwaka 1888. Mwaka 1875 kamera ilikuwa sanduku la kubebwa na miguu yake, na wenye kuitumia walijitahidi kumweka mtu katikati ya picha na kumwonyesha mzima. Ule ukataji Degas aliupata kwingine, hasa kwenye picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, ambazo yeye na wenzake walizikusanya kwa hamu, na katika kukaa kwake kumbini akitazama jukwaa kutoka pembeni. Picha za mwendo za Eadweard Muybridge, zilizochapishwa mwaka 1887, alizitumia kweli, akachora farasi kutoka humo. Ila zilimkuta tayari ameshakuwa Degas.

Na alipokuja kushika kamera mwenyewe, alifanya kinyume cha yote tunayomhusisha nayo. Hakuna mtu anayepita. Hakuna mguu uliokatwa hewani. Hakwenda kwenye mashindano ya farasi, wala hakusimama mtaani. Aliingia vyumbani kwa marafiki baada ya chakula cha jioni, akafunga mlango, akawafanya watu wake wakae kama waliochongwa. Mchoraji aliyesifiwa kwa kunasa dakika alichukua chombo cha kunasa dakika akakilazimisha kingoje.

Mazoezi yake tunayaona vizuri zaidi kuanzia kiangazi cha 1895. Mwezi Agosti alikuwa Mont-Dore, katika milima ya kati ya Ufaransa, alikokwenda kutibiwa kifua. Kutoka huko alikuwa akimwandikia Guillaume Tasset, mwenye duka la vifaa vya uchoraji katika mtaa wa Fontaine mjini Paris. Ni duka lilelile lililokuwa likimpelekea Vincent van Gogh turubai na rangi alipokuwa kusini mwa nchi. Tasset alishughulika pia na mambo ya picha, na binti yake, Delphine, ndiye aliyekuwa akikuza picha za Degas kutoka mabamba madogo kufikia ukubwa wa kutundikwa. Degas alituma mabamba yasafishwe, akauliza, akalalamika, akajaribu tena. Alikuwa akipiga mandhari jua likiwa limeshazama, saa ambayo mpigapicha mwenye busara ya kawaida ameshafunga mizigo. Nadhani ni hapo alipoanza kupima ni kiasi gani cha giza bamba linaweza kukivumilia kabla picha haijawa nyeusi tupu.

Aliporudi Paris, nyumba aliyoisumbua zaidi ilikuwa ya familia ya Halévy, mtaa wa Douai, huko Montmartre. Ludovic Halévy alikuwa mwandishi wa tamthilia na maneno ya opera. Yeye na Henri Meilhac ndio walioandika maneno ya Carmen, opera ya Georges Bizet ya mwaka 1875. Mkewe, Louise, alimjua Degas tangu utoto. Wana wao, Élie na Daniel, walikua wakimwona mchoraji mezani kwao wiki baada ya wiki. Daniel alikuwa akiandika shajara, na humo ameacha maelezo ya jioni moja ya mwisho wa Desemba 1895, wiki ileile ambayo ndugu Lumière walikuwa wakiwaonyesha watu wa Paris, kwa kiingilio, sinema yao ya kwanza. Daniel alikuwa na miaka 23.

Kwa maelezo yake, chakula kilikwenda vizuri mpaka Degas alipokwenda kuchukua kamera yake. Kuanzia hapo wageni waligeuka watumishi. Sauti ya mzee ilipanda. Taa ziletwe kutoka vyumba vingine. Asiyetaka kupigwa picha atoke. Jules Taschereau aliwekwa mahali pake, wasichana wa ukoo wa Niaudet wakawekwa mahali pao, mmoja akageuzwa kichwa kwa mikono ya mchoraji mwenyewe, mwingine akaamriwa ainame zaidi, tena zaidi. Kisha kimya, dakika mbili za kutopumua sana, na baada yake amri ya kurudia. Hakuna aliyethubutu kumbishia. Usiku ulipokuwa umekwenda, Degas alibeba vyombo vyake akaondoka, na Daniel anasema alikuwa na fahari ya mtoto.

Dakika mbili za Daniel na robo saa ya Valéry hazilingani, na mimi nina imani zaidi na kijana aliyeandika kesho yake kuliko mshairi aliyekumbuka baadaye. Lakini hata dakika mbili ni nyingi mno. Jaribu kumwangalia mtu mmoja usoni kwa dakika mbili bila wewe wala yeye kucheka. Studio za biashara za miaka ya nyuma zilitatua tatizo hilo kwa chuma: nguzo nyuma ya mteja, yenye makoleo ya kushika kisogo. Matokeo yake tunayafahamu katika picha za kale za kila nchi, watu wakavu waliokakamaa kama wamesikia habari mbaya. Degas hakutumia chuma. Alichofanya ni ufundi ambao nimeutazama mara nyingi, na kila nikirudi nauona umejificha vizuri zaidi. Alimpa kila mtu kitu cha kuegemea ambacho kinafanana na tabia yake. Daniel ameegemeza kichwa mkononi, kwenye kiti kikubwa. Louise amejilaza. Degas mwenyewe, katika picha aliyojipiga mbele ya rafu za vitabu, amepeleka mkono kidevuni. Ukitazama haraka unaona watu wanaowaza, au waliochoka baada ya chakula, au wenye huzuni fulani ya kifamilia. Ukitazama polepole unaona kwamba viwiko, mashavu na migongo ya viti vinafanya kazi ileile ya lile koleo la chuma. Utulivu ambao kamera iliudai ameugeuza kuwa hali ya moyo ya anayepigwa. Mtu anayewaza hana haja ya kutikisika.

Alikuwa na miaka mingi ya kulifikiria jambo hilo. Mwaka 1885, huko Dieppe, yeye na vijana wa Halévy walipanga mzaha mbele ya kamera ya mpigapicha mmoja wa hapo, Barnes: Degas amekaa katikati kama mungu, Élie na Daniel wamepiga magoti miguuni pake, na wasichana watatu nyuma yake ni malaika wa sanaa. Ulikuwa mzaha juu ya mchoro maarufu wa Ingres unaomtukuza Homer, na Degas alimpenda Ingres kuliko mchoraji mwingine yeyote. Pamoja na kicheko chote, alipoiona picha alimwandikia Ludovic kuikosoa. Kundi lilitakiwa libanwe zaidi, na wale wasichana watatu wangesimama mbele ya kitu cheupe ili maumbo yao yasipotee. Mtu mwingine angecheka akaiweka albamuni.

Miaka kumi baadaye tatizo la maumbo kupotea alilitatua kwa upande wa pili. Badala ya nyeupe nyuma ya watu, aliweka weusi, na akaamua ni kiungo gani kitoke humo na kipi kibaki. Ukimfahamu Degas wa karakana, weusi huo haukushangazi. Tangu katikati ya miaka ya 1870 alikuwa na namna ya kuchapa iliyomfaa sana: anachukua bamba la chuma, analipaka wino mweusi lote, kisha anaanza kufuta. Kwa kitambaa anatoa bega. Kwa ncha ya kidole anatoa mwanga wa taa kwenye godoro. Kwa mpini wa brashi anakwaruza nywele. Akimaliza analaza karatasi, anapitisha kwenye mashine, na anapata picha moja yenye nguvu, labda na ya pili iliyofifia. Katika uchapaji huo, nuru ni kitu kinachochimbwa. Sasa itazame tena ile picha ya Louise akiwa amejilaza, au ile ambamo Louise anamsomea Degas, ambazo zote ziko leo katika makumbusho ya J. Paul Getty, Los Angeles. Taa imefanya kazi ya kitambaa. Imefuta weusi kwenye paji la uso, kwenye kola nyeupe, kwenye ukingo wa karatasi, halafu imeacha. Nguo za jioni, ambazo kwa wanaume wa tabaka lile zilikuwa nyeusi mfululizo, zinaungana na kiti, kiti kinaungana na ukuta, na mwili mzima unakuwa uso na mikono inayoelea. Wachoraji wa mafuta wa karne ya 17 walilijua hilo. Sijaona mtu aliyelifanya kwa kamera kwa ukali huu kabla yake.

Hiyo picha ya kusomewa inanigusa kuliko zote. Degas alishindwa kusoma maandishi madogo kwa raha, kwa hiyo Louise alimsomea. Louise huyohuyo alimsafishia baadhi ya mabamba yake, akikaa na kemikali mpaka sura zijitokeze kwenye kioo, na mchoraji alimtania kwa kazi hiyo. Fikiria basi mgao wa kazi: mtu ambaye macho yake yanamwacha anapanga taa na watu kwa kukisia, kwa sababu hawezi kujua bamba limeona nini mpaka lisafishwe, na mwanamke anayemsomea magazeti ndiye wa kwanza kuona usiku kile walichokipata jioni. Picha ina watu wawili waliozoeana kiasi cha kutohitaji kutazamana. Mmoja anasoma, mwingine anasikiliza. Degas ameshajiweka kwenye nafasi yake, na mtu mwingine ndiye aliyefunua na kufunika lenzi kwa amri yake.

Hata kosa hakulitupa. Katika zile jioni za Desemba bamba moja liliingia kwenye kamera mara mbili, mara ya pili likiwa limelala upande. Nyuso za akina Taschereau na Niaudet zikaingiliana, nyingine wima, nyingine zimelala, na picha za ukutani zikapita katikati ya miili. Studio yoyote ingelivunja bamba hilo. Degas alilichapa. Kwa jicho langu, ni picha iliyomo usiku wote ule: sauti zikikatana, taa zikihamishwa, kila mtu amekaa mahali ambapo mwenzake alikuwa amekaa dakika tano zilizopita.

Nyumba ile ya akina Halévy haikumbakia. Kapteni Alfred Dreyfus, afisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa, alikuwa ametiwa hatiani kwa uhaini mwaka 1894 kwa ushahidi wa uongo, na kadiri mambo yalivyofichuka nchi iligawanyika mpaka ndani ya familia. Degas alichukua upande wa jeshi na wa wale waliowachukia Wayahudi, akaushikilia kwa ukali uleule aliotumia kupanga taa. Asili ya familia ya Halévy ilikuwa ya Kiyahudi. Mwishoni mwa 1897 aliacha kwenda mtaa wa Douai, akakata urafiki wa maisha mazima. Alirudi humo mwaka 1908, Ludovic akiwa ameshafariki. Sioni namna ya kuzitazama zile picha za 1895 bila kulijua hili, wala sitaki kuwa nayo. Upole uliomo katika picha ni wa kweli, na ukatili uliofuata ni wa kweli, na mkono ni uleule. Daniel alizitunza kumbukumbu zake za mzee huyo na akaja kuzichapa kitabu, uzeeni mwake, bila kuficha upande wowote.

Muda wote wa moto wa upigaji picha wa Degas ni mfupi sana. Picha nyingi zilizobaki ni za miezi michache tu ya mwaka 1895. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalipozikusanya kwa maonyesho mwaka 1998, maonyesho ambayo baadaye yalikwenda Los Angeles na Paris, ilibainika kwamba zilizonusurika hazifiki 50. Baada ya hapo kamera ikaingia karakana, ikawa chombo kati ya vyombo, na hapa ndipo wataalamu wengi wa uchoraji huanza kuijali. Mimi naona wanachelewa, lakini siwezi kukana uzuri wa walichokikuta.

Kuna picha ya mwaka 1896, nayo iko Getty, ya mwanamke aliye uchi baada ya kuoga. Ametupa mwili juu ya mgongo wa kiti cha kulalia, ametuonyesha mgongo, anajikausha. Uso hauonekani. Mgongo umejikunja kiasi kwamba uti wake unatoka kama kamba, na hakuna mwanamitindo ambaye angeweza kuushikilia mkao huo kwa saa zinazohitajika na mchoraji. Bamba liliushikilia. Mwili huohuo umo katika mchoro mkubwa wa mafuta ulioko Philadelphia, wa wakati uleule, lakini humo chumba kizima kimegeuka chekundu na cha kahawia, na mwanamke ameachwa karibu na hali ya mchoro wa kwanza, kana kwamba rangi nayo inachimbwa. Mwanga kwenye mgongo katika picha ni ule wa upande mmoja, mkali, unaokata. Katika mchoro ameuhamisha bila kuufuata. Ameuacha uangukie alipoona mifupa inautaka.

Na kuna mabamba matatu ya kioo ya mcheza baleti, ambayo hayakutupwa: mdogo wa mchoraji, René, aliyakabidhi mwaka 1920 kwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, miaka mitatu baada ya Degas kufa. Msichana amevaa nguo ya jukwaani. Katika moja anarekebisha ukanda wa begani. Katika nyingine amenyoosha mkono. Kemikali zimeyafanya mabamba hayo jambo la ajabu. Sehemu zilizopaswa kuwa nyeusi zimegeuka nyeupe na nyingine zimebaki kama zilivyo, kwa hiyo huwezi kusema kwa hakika kama unaangalia negativu au picha yenyewe, na kioo chote kimechukua rangi ya machungwa inayokaribia nyekundu. Kingo za mikono zina mstari, kama mtu aliyezichora kwa makaa.

Bamba la kioo lina faida ambayo karatasi haina: unaweza kuligeuza. Ukilitazama upande huu mcheza anainua mkono wa kulia, ukilipindua anainua wa kushoto, na ukilishika mbele ya dirisha una wasichana wawili kwa bei ya mmoja. Degas aliichukua faida hiyo akaitumia kwa miaka. Katika mchoro wa Wachezaji Wanne, alioufanya kuelekea mwaka 1899 na ambao uko Washington, wasichana wanne wamesimama nyuma ya pazia la jukwaa wakijishughulisha na mabega yao. Wakodolee macho kwa muda, utaanza kushuku kwamba ni mtu mmoja. Bega ni lile, kiwiko ni kile, shingo imeinama vilevile. Amezungushwa hatua moja, akazungushwa nyingine, kama mtu anayemzunguka mcheza huku mcheza ametulia. Nywele zao ni za rangi ya machungwa, na rangi hiyo imewapanda mpaka mashavuni na kwenye mikono, dhidi ya kijani cha mandhari ya jukwaa. Wakati huo Degas alikuwa akichora maumbo makubwa zaidi na mistari minene zaidi, kwa sababu midogo haikuonekana kwake tena. Mcheza wa bamba alikuwa amekwishavua nguo ya jukwaani akaenda zake miaka mitatu au minne iliyopita. Mkono wake ulikuwa bado juu, begani, na mchoraji hakulazimika kumwambia asitikisike.